Mtamba Uliyemkataa Malambo

Baba,

Simu yako ninayo mimi. Mama hataki izimwe, anasema akiisikia inaita anajiona bado ana mtu. Basi juzi iliita tukiwa jikoni, nikafungua ujumbe. "Mpendwa mstaafu, unakumbushwa kufika ofisini kwa ajili ya uhakiki. Asiyefika atasitishiwa pensheni." Mama akauliza ni nani. Nikamwambia ni watu wa mtandao wanauza vifurushi.

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya maji, maskini, haikuwa na kosa.

Wewe ulikwishahakikiwa, Baba. Nilikuwepo. Ilikuwa ule mwezi wa saba wa ukungu, Karatu nzima imejifunika mablanketi, na wewe ulikuwa unakohoa tangu wiki iliyotangulia. Nikakuomba tuwapigie, tuwaambie unaumwa. Ukakataa. "Serikali ikiita, mtumishi anaitika." Nikakupandisha bodaboda na lile koti lako la kaki, tukasimama foleni na wazee wenzako tangu asubuhi, hakuna hata benchi. Mtu ana kifua, anapelekwa kwenye baridi kuonyesha kwamba anapumua! Yule kijana wa dirishani hakukutazama hata usoni. Alitazama kitambulisho, akagonga muhuri. Wiki tatu baadaye tulikuzika. Najua watu watasema siku yako ilikuwa imefika. Waseme. Mimi nilikuwepo kwenye ile foleni.

Nyumba yako ya Rhotia bado imeishia kwenye lenta. Ulipanga kiinua mgongo kiezeke, kiweke madirisha, kibaki cha kununulia Mama cherehani. Ulipofika kuchukua, ukaambiwa kikokotoo cha mafao kimebadilika, sehemu kubwa utapewa kidogo kidogo kila mwezi mpaka uzeeni. Kwani ulikuwa wapi wakati huo, ujanani? Uliniambia usilalamike, mwanangu, wameona mbali. Majani yameota ndani ya sebule. Mbuzi wa jirani anaingia na kutoka atakavyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai. Nina hasira na wewe pia.

Unakumbuka Malambo, wakati unafundisha kule na mimi niko darasa la tatu? Baba yake Lemayan, yule mwanafunzi wako wa Kimaasai, alikuja nyumbani na mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Mwanawe alikuwa amefaulu, wa kwanza katika boma lile kujua kusoma, na mzee akataka uwe mtu wao, uwe na ng'ombe katika zizi lao kama rafiki. Sisi Wairaqw tunajua maana yake. Babu mwenyewe alikuwa na ng'ombe kwa marafiki huku na huku, ili ugonjwa ukipiga zizi moja, jingine libaki. Ukamrudishia kamba yake. Ukacheka. "Mzee wangu, mimi ng'ombe wangu yuko serikalini, nitamkamua nikizeeka." Mama alinuna wiki nzima. Mimi nililia, nilikuwa nimeshampa jina.

Ulikuwa mwalimu, Baba. Ulitufundisha kukagua jibu hata kama tuna uhakika nalo. Mbona hili hukulikagua?

Lemayan alikuja matangani. Ana mvi siku hizi. Alitoka Malambo kwa lori la mnada, akafika ana vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa karibu na Mama. Kisha akasema, "Yule mtamba, mwalimu alikataa, lakini baba hakukubali kukataliwa. Alisema ni wa mwalimu, basi ni wa mwalimu. Ukame umekula wengi. Wa uzao wake wamebaki watatu, wako pale." Mama akaanza kulia upya. Mimi nilitoka nje tena.

Fikiria. Mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu, ambaye uliikataa zawadi yake mbele ya mwanawe, alikutunzia kwa miaka yote hiyo bila kukuita hata siku moja uende kuthibitisha kuwa uko hai.

Na mimi je? Mwezi uliopita walituita walimu wote ukumbini kwa semina ya mafao. Soda, maandazi, picha ukutani za wazee wanacheka. Nikanyoosha mkono. Nikauliza: sisi tunaokatwa michango leo, siku yetu ikifika, hicho tunachokatwa kitakuwepo? Na kanuni itakuwa hii hii, au mtakuwa mmeibadilisha tena tukiwa mlangoni? Mtoa mada akatabasamu, akasema, "Mwalimu, mfuko uko imara, msiwe na wasiwasi." Ni maneno yale yale uliyokuwa unatuletea nyumbani kila ukitoka kwenye semina, Baba, hata tabasamu lake nililijua. Walimu wadogo, walioajiriwa juzi, walinifuata nje wakaniuliza, "Sasa dada, sisi tufanyeje?" Mimi mwalimu wa hesabu nikapiga hesabu ya makato yetu nyuma ya ratiba ya semina, ikanigomea katikati.

Lala salama, Baba. Bado nakupenda, hata nikikugombeza hivi. Shule zikifungwa nitampeleka Mama Malambo, aone ng'ombe wake, na nitamshukuru Lemayan kwa mikono miwili, kwa ajili yangu na kwa ajili yako uliyekataa.

Lakini kwanza nitaitika ule ujumbe. Nitavaa koti lako la kaki, nitasimama kwenye foleni yako mpaka nifike dirishani, na nitaweka pale cheti chako cha kifo. Halafu sitaondoka. Nitamwambia yule kijana anitazame usoni, mimi niko hai, ninakatwa kila mwezi, na safari hii wa kuthibitisha ni wao.

Mwanao,
Paskalina