Vifuko viwili vya dawa

Mujukuu wangu Mariamu, amahoro. Hapa Rumonge mama yako mudogo amejifungua mutoto wa kike, na mawese ya mwaka huu ni mazuri.

Ndiye aliyekuambia habari zangu, nawe umeuliza kwa nini nilimficha daktari wa Bujumbura, anayenitundikia serumu ya kansa mushipani na kunipa dawa za kumeza nyumbani, vile vidonge vikali vya maumivu nilivyopewa na daktari wa hapa. Kila mmoja nilimwonyesha kifuko chake tu, nisimvunjie heshima.

Nilipokuwa binti, mama alinituma Kigwena kwa shangazi zangu wawili. Wa kwanza alinilisha ugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, mpaka nikashiba. Kwa wa pili nikasema sijala, maana niliona haya kumwambia nimekula kwa mwenzake. Nikala tena, nikatapika mulangoni pake. Alinisafisha uso, akasema pole pole, "Ungeniambia, mwanangu, ningekufungia ukale kesho."

Wiki iliyopita macho yangu yaligeuka manjano. Kule Bujumbura nikaweka vifuko vyote viwili mezani. Daktari akavifungua, akasema dawa zote hizo zinapitia kwenye ini, na langu limeshindwa kuzibeba pamoja. "Ungeniambia, mama, ningezipanga vingine." Serumu imesimamishwa. Kama itarudi, hajui.

Sasa dawa zangu zote naziweka katika kifuko kimoja, kila daktari akione. Na wewe pia nilikuficha, maana kila ukipiga simu nilisema niko salama. Siko salama, mujukuu wangu. Njoo.

Bibi yako, Zaina