Kwa Nini Siji Kuvuna Maharage

Rusumo

Mwanangu Editha,

Marahaba, mama yangu, shikamoo yako imenifikia. Kifua cha mtoto kimeachia? Mfunike vizuri, asubuhi za Nemba zina baridi. Mimi ni mzima, mkono tu ndio unauma mvua ikitaka kunyesha. Nakuandikia kwa sababu simu yenu anaishika baba yako.

Umesema ameacha pombe ya rubisi, nije tuvune maharage pamoja. Nisikilize kwanza.

Hapa kuna kikundi cha sisi wanawake tuliopigwa, tunakaa kila Jumatano na mshauri, dada Adela. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu. Nikasimulia baba yako alivyonipiga mpini wa jembe mpaka mfupa wa mkono ukatoka nje, nikiwa chini akanikanyaga mdomo, meno mawili nikayatemea kwenye majivu. Nilisimulia nikicheka. Nikasema nimemsamehe, narudi kuvuna. Wenzangu wakapiga makofi. Mama Siwema muuza samaki akasema, "Nenda, ukamchekee na hayo mapengo."

Dada Adela hakupiga makofi. Akasema, "Mama Editha, mimi kazini nausikiliza hata mwili wangu. Tangu umesema unarudi, tumbo limenikaza. Nilidhani namwogopa mume wako. Sivyo. Nakuogopa wewe."

Nikataka kumtukana, nikasikia mdomo wangu unasema, "Panga nimeshalinoa."

Ndiyo, mwanangu. Lilikuwa kwenye begi, nimelifunga kwenye kitenge nilichokununulia. Nilipanga akiinama kung'oa maharage nimkate shingo kama mgomba, halafu niende polisi kwa miguu yangu. Huku nawapikia madereva wa malori, na kila nikikata nyama nilikuwa namwona yeye. Nisamehe kukuandikia haya, najua ni baba yako.

Panga nilimpa dada Adela siku ileile. Jana tulipokaa nikamwuliza, "Na leo bado unaniogopa?"

Akanitazama sana. "Woga umepungua," akasema. "Haujaisha."

Hakunidanganya, na mimi sikudanganyi wewe. Siji. Maharage vuneni wenyewe, kitenge nitakutumia kwa dereva, nimekifua.

Msalimie mumeo, na shangazi yako aliyenifunga mkono siku ile. Mtoto mbusu mashavu yote mawili.

Baba yako usimpe salamu. Mwambie tu asinifuate huku. Kama unampenda, mzuie.

Mimi mama yako,
Restituta