Kitambaa Kilichorudi Rafuni

3 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila moyo hautulii tangu jirani aliponiambia siku hizi unatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Funga duka, Baba. Uza cherehani, uje tukae wote. Macho yatatibiwa huku. Chumba kipo, na dirisha linapata jua la asubuhi.

Binti yako

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, unakusalimu. Haya, mama, nitakuja.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilifurahi, nikanunua kitanda. Jana natandika shuka, nikasimama ghafla. "Haya"!

Nimekulia chini ya meza yako ya kukatia. Mteja akisema "sawa", ulipiga chaki. Akisema "ndiyo", huku anajitazama kiooni, ulikata. Akisema "haya", ulikunja kitambaa ukakirudisha rafuni. Ukaniambia, "Huyu hajakubali, amechoka tu kubishana na mimi."

Nimekuchosha, Baba. Nimekupangia maisha bila hata kukupima. Nisamehe.

Nauliza upya: uje wiki tatu tu, daktari akutoe mtoto wa jicho, kisha nikurudishe mwenyewe dukani? Cherehani isiuzwe. Ukikataa, kataa, nitanuna siku mbili, nitapona.

Binti yako

18 Aprili

Profesa wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mteja akadhani nalicheka tumbo lake. Kumbe chini ya meza hukuwa unaokota vifungo tu!

Ni kweli, ile "haya" niliiandika huku nimeshika cherehani kama mtu anayeaga.

Na mimi nina swali. Siku unaondoka nilikuonyesha kitambaa cha bluu, nikushonee gauni. Ulisema "haya", macho yako yapo mlangoni. Sikukata. Mwaka wa nne huu kiko rafuni, na siku hizi nakiona kijivu. Unakitaka, au nimpe mwingine?

Lako nalijibu: ndiyo. Wiki tatu, nne sitaki.

Baba yako

1 Mei

Baba,

Shikamoo. Nakuja kukuchukua Jumamosi. Fungasha kidogo, funguo za duka weka mfukoni mwako.

Kitambaa: ndiyo, nakitaka. Samahani kwa miaka yote hiyo. Ila usikikate bado. Tutakaporudi nitasimama mbele ya kioo chako, unipime upya, maana nimenenepa, na utakata siku utakayokiona bluu.

Binti yako