Mtutu wa Bunduki ya Mzee Salim

Jumatatu, 3 Novemba

Mtutu bado haujatoka. Siku ya tatu naumwagia mafuta ya kulegeza kutu, naibana bunduki kwenye jiliwa, navuta spana kwa uzito wangu wote. Kinachozunguka ni mimi. Bunduki ni ya vita vya zamani, ya marehemu baba yake Mzee Salim. Haipigi tena. Mzee anataka mtutu utolewe, usafishwe, uzibwe, bunduki irudi ukutani kwake kabla ya harusi ya mjukuu. Wasswa, Mganda tunayefanya naye kazi meza moja huku Uarabuni, anasema mtutu huo umeolewa na hautaki talaka. Nilicheka. Sikupenda.

Nilimwambia Sir, bosi wetu, kazi hii ni ya nusu saa. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 4 Novemba

Umetoka!

Shida ilikuwa ile pete ya chuma mtutu unapoingilia. Kutu na mikwaruzo tupu, mbao za jiliwa zinateleza. Nimepiga tupa, nikapiga msasa hadi ikang'aa. Nikavuta. Chuma kikalia, nikajua nimevunja mali ya watu. Kumbe umeachia.

Sir ameniita fundi mbele ya karakana nzima. Nimerudi chumbani Al Qusais nikiimba.

Jumatano, 5 Novemba

Wasswa ameuliza alama iko wapi.

Haikuwa mikwaruzo. Ilikuwa alama ambayo ukoo wao huwapiga ngamia wao, baba yake mzee aliichora mwenyewe kwa msumari. Mzee alitueleza siku aliyoileta, kidole juu ya pete. Wasswa anajua Kiarabu, alisikia. Mimi niliitikia aiwa, aiwa, huku nikiwaza chakula cha mchana.

Na mimi ni Mkamba. Kila mzinga wa nyuki wa babu ulikuwa na alama ya ukoo wetu. Aliyefuta alama ya mwenzake aliitwa mwizi, hakuna jina lingine. Alama hiyo niliijua kabla ya kujua kusoma. Naona haya hata kuandika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwambia Sir. Hakufoka, heri angefoka. Ametoa picha aliyoipiga bunduki ilipofika. "Chora tena kama hii. Mzee haoni vizuri. Khalas."

Nimechora. Mistari miwili na nusu duara. Imenyooka kuliko ya kwanza. Nimejidharau.

Wasswa hajatania leo.

Ijumaa, 7 Novemba

Kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, sikuimba. Jioni nimemwomba Wasswa anifundishe sentensi moja ya Kiarabu: mimi ndiye niliyeifuta, nisamehe. Amenisahihisha mpaka ikakaa sawa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mzee amekuja. Ameshika bunduki kama mtu anayepokea mtoto. Kidole gumba kikapita juu ya pete, kikasimama, kikarudi. Kikapita tena, polepole. Sir alikuwa anasifu mtutu. Sentensi ilikuwa hapa kooni. Mwoga mimi, nikaangalia viatu.

Mzee akasema shukran. Kisha akaniuliza, Wasswa akitafsiri, kama kwetu tunaweka alama kwenye mifugo. Nikasema tunaweka kwenye mizinga. Akataka kuiona alama yenyewe. Nikachukua chaki, nikachora alama ya babu mezani.

Aliinama akaitazama kwa karibu sana. Akaigusa pembeni tu, asiiharibu.

"Hii usiifute," akasema.

Akaondoka na bunduki yake. Sikumfuata. Mlango ulikuwa hatua chache tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Imeletwa bunduki nyingine, nayo mtutu umegoma. Nimeipapasa yote kwa kidole kabla ya kugusa tupa. Nimemuuliza mwenye bunduki kila mstari ni wa nini. Amenishangaa.

Wasswa amepangusa meza asubuhi. Pale penye chaki amezunguka, ameacha.

Ile sentensi bado naikumbuka yote.