Chumvi ya Dunia, Baada ya Magharibi

Jumapili usiku

Aibu bado haijanitoka. Jioni kwenye ushirika nilikuwa na zamu ya kufundisha jinsi Yesu anavyotutaka tuwe chumvi ya dunia. Giza lilikuwa limeshaingia, na bibi alinilea nikijua kwamba usiku chumvi haitajwi jina, utaita balaa. (Kuandika si kutaja, natumaini.)

Basi nikawaambia waumini kwamba wao ni ile ya kutia mchuzini ya dunia.

Mchungaji wetu, mtu wa bara, akauliza, "Pilipili, dada?"

Wenzangu wa Kilifi walielewa wote. Hakuna aliyenisaidia kuitaja.

Nimeokoka kitambo. Naamini Shetani ameshindwa kabisa, ila hapo kwenye chumvi...

Sasa hivi mume wangu ameonja mchuzi akasema, "Hauna ile."

Naye ni mzee wa kanisa.