Mume Wangu Anaumwa, Binti Yetu Anakwenda Mirihi

Mpendwa mshauri,

Siku zote nasoma ukurasa wako nikitikisa kichwa kwa yanayowapata wenzangu, leo zamu imenifikia mimi, naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mume wangu ni mwanaanga mstaafu, aliwahi kwenda mbali kupita mwezi, huko ambako usumaku wa dunia haumkingi tena mtu, na wakiwa njiani jua likachafuka, ikaja dhoruba ya mionzi, wote wakakimbilia kijichumba cha stoo wakajizungushia mifuko ya maji na makasha ya chakula, maana maji huzuia mionzi ile kuliko ukuta mwembamba wa chombo, na wakiwa wamebanana humo mashine ya hewa ikazima, ikabidi mtu mmoja atoke akaitengeneze na dhoruba haijatulia, akatoka yeye. Wakarudi wote wazima, watu wakashangilia, na mimi nikashangilia.

Sasa ana saratani ya damu. Daktari anasema hawezi kuapa kwamba ni ile mionzi, wala hawezi kuapa kwamba siyo.

Lakini kinachonila ni binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa, ambaye amefuata kazi ya baba yake na amechaguliwa kwenda Mirihi, anaondoka mwezi ujao, na baba yake ameniapisha nisimwambie. Nilimwambia, "Mzee mwenzangu, mtoto ana haki ya kujua." Akanijibu, "Ukimwambia hataenda. Asipoenda kwa ajili yangu, nitakuwa nimekufa mara mbili." Basi nikanyamaza, tena si kunyamaza tu, mimi ni fundi wa kushona, kila binti akikaribia kuja nampunguzia mzee suruali kiunoni ili isijulikane alivyokwisha, na juzi binti akamshika mkono akauliza, "Baba, mbona umekonda hivi?" Mzee akacheka, "Muulize mpishi wangu, amegoma," na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia, kisha nikaenda jikoni nikafungulia bomba ili wasinisikie nikilia. Nikisema, nimevunja kiapo cha mtu anayekufa, na nisiposema, msiba utamkuta mwanangu mahali ambapo hakuna kugeuza. Nifanye nini?

Mama Mdomo Mzito

JIBU

Mama, pole. Pole kwa mgonjwa, pole kwa kilio cha bombani.

Sasa niruhusu nikuseme. Unapunguza suruali ili mtoto asione baba yake anakufa? Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho kitamfika mwanao kwa redio, katikati ya giza, bila bega la kuegemea. Hutamkinga na chochote kwa kunyamaza.

Mumeo ni shujaa, sikatai. Lakini shujaa naye huogopa, na anachoogopa ni macho ya mtoto wake. Huyo si mtoto wa kufichwa peremende. Ni mtu mzima anayekwenda kukaa miaka karibu mitatu ndani ya mionzi ile ile. Akijua yaliyompata baba yake, ataweza kuwauliza wakubwa zake kwa ukali: kijichumba cha kujificha kina maji ya kutosha? Mashine ya hewa iko ndani au nje yake? Mnamnyima habari ambayo huenda ikamwokoa.

Fanya hivi. Mwambie mzee leo, mchana, akiwa ameshakula: "Sema wewe, au nitasema mimi." Mpe muda hadi binti atakapokuja tena, usimwongezee hata saa. Binti akishajua, msimwambie "nenda" wala "baki". Hilo ni lake. Na kiapo kile, mama, uliapishwa na hofu. Huna deni nacho.

Nilimpelekea mama huyu jibu hili kabla ya kulichapa, na baada ya siku chache alinipigia simu. Mzee alisema mwenyewe, mezani. Binti akafoka, "Mama, na wewe ulikuwa unacheka!" Akatoka nje akabamiza mlango. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na maswali mengi, wakakaa na baba yake hadi jioni, wakizungumzia unene wa kuta na maji.

"Atabaki?" nikamuuliza mama.

"Anakwenda, mshauri. Daktari amesema akirudi hatamkuta baba yake."

Hakuna aliyemdanganya mwenzake tena. Jana mama alinipigia tena: siku ya kuagana, binti aliomba wakae chumbani na baba yake, wawili tu, ila mlango haukufungwa sawasawa na mama akasikia. Anasema yalikuwa maneno ambayo watu huyasema makaburini, isipokuwa mara hii baba mwenyewe alikuwa akiyasikia, na akayajibu moja moja.