Aliyeshika Koleo kwenye Msiba wa Baba

Nyakato, Musoma
9 Oktoba 1983

Kwa mdogo wangu Werema,

Nakutumia salamu nyingi kuliko dagaa wa ziwa hili, na dagaa mwaka huu wapo, kilichoadimika ni sukari, sabuni na watu wakweli. U mzima? Sisi tunapumua. Mama mguu bado unamuuma, ila akinisikia nacheka anasahau. Kaka yako ni yuleyule, utingo wa lori la pamba. Darasa la tano niliruka dirishani, lakini Bunda nzima nani hanijui? Hata mbwa wa kwenye vizuizi wananipishaga.

Barua yako ilifika, mke wangu Esta akamsomea mama kwa sauti. Kwamba ile kazi ya mitambo ya simu serikalini, Dar es Salaam, umenyimwa. Kwamba wamekupekua miezi mitano halafu wakakwambia tu hufai, sababu hakuna. Na kwamba aliyekuloga ni shangazi Miriamu, kwa hiyo aondoke nyumbani kabla hujatia mguu. Mdogo wangu, tangu siku hiyo shangazi amefunga vitu vyake. Anakaa mlangoni, kifurushi magotini, chakula anakula peke yake, na kila asubuhi anaulizaga kama leo ndiyo siku. Mwanamke aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali ulipougua surua! Ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi ambaye kalamu naishika kama spana.

Nianze na mazishi ya baba kule Butiama, ambayo wewe hukuyawahi kwa kukosa basi. Siku ile, jua la saa saba, alikuwepo mtu mwenye koti la mvua la kijivu. Alichimba na wachimbaji, akashika koleo kufukia, akala nasi ugali sinia moja siku tatu. Sisi tulidhani ni wa upande wa mama. Upande wa mama walidhani ni wetu. Alimpa mama pole kwa jina lake la utotoni, na mama anaapa kwamba waliokuwa wanalijua jina hilo wote wameshazikwa. Hakuuliza kitu hata kimoja. Alikuwa anacheka tu utani wangu, na unajua mimi, mtu akinicheka namfungulia moyo mpaka matumbo.

Juzi Felisian mpiga picha ametuletea picha kumi na moja za msiba. Tangu Aprili dawa ya kusafishia picha ilikuwa haipatikani. Mtu yule hayumo. Kila alipokuwa amesimama pamepita mgongo wa mtu, au kofia, au moshi wa jiko. Isipokuwa moja, ambayo nimeiweka humu: mimi nahutubia, na begani pangu upo mkono. Nimewahesabu wote walionizunguka. Kila mmoja, mikono yake yote miwili inaonekana.

Jumatano tulikuwa Bunda tunapakia pamba. Mchana kweupe, watu wamejaa sokoni, mtu akanigusa bega lilelile. Koti la kijivu. Aliuliza mguu wa mama unaendeleaje, kisha akanirudishia hotuba yangu ya kaburini neno kwa neno, kikohozi changu mahali pake, utani wangu kwa mpangilio wake. Akasema niliwarahisishia kazi ya kukupekua, maana msibani ukoo wote unatajwa hadharani, mtu hana haja ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Werema, hapa ndipo pagumu. Pale kaburini, nilipokuwa nawatambulisha ndugu wa marehemu, nikalewa macho ya watu. Nilipofika kwa baba mdogo Clementi, aliyeko Kenya, nikasema ni rubani mkubwa wa jeshi la anga, anakula meza moja na wakubwa, na kwamba wewe na yeye mnaandikiana kila mwezi. Wewe kwenye fomu yao ya kazi, kwa maneno ya mtu huyo, uliandika ukweli: Clementi ni mpishi wa kambi, na hamjaonana tangu mpaka ulipofungwa. Na unajua wanajeshi wa anga wa kule walivyojaribu kupindua serikali Agosti mwaka jana. Basi wakaona unaficha. Nilimwambia yule mtu nilikuwa najisifu tu. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema hapana, nilikuwa nalia nilipoyasema, na mtu anayemlilia baba yake hadanganyi. Nikageuka nimwite dereva anishuhudie. Niliporudisha macho, pale palikuwa na magunia ya pamba tu.

Siyo uchawi, mdogo wangu. Ni mdomo wa kaka yako.

Shangazi nimemwambia jana, magoti chini. Alinizaba kofi, kisha akafungua kifurushi, akaenda kusonga ugali. Jumamosi ni misa ya baba ya miezi sita. Nitasimama palepale nilipodanganya, niseme Clementi ni mpishi na wali anaunguzaga. Kama yupo, ayaandike na hayo. Wageni wa mbali wameanza kufika, mama anawahesabu kwa majina, na kila akimaliza anazidi mmoja.

Barua ya kuomba radhi mwandikie shangazi. Mimi nitukane ukija, nitakupokea stendi.

Wanakusalimu mama, Esta, na shangazi mwenyewe, ambaye ananisimamia hapa kuona kama nimeandika yote.

Ni mimi kaka yako mwenye mdomo,
Rafaeli Machage

Bahasha naifunga kwa uji wa muhogo, gundi hakuna Musoma nzima. Ukiikuta imefungwa kwa gundi nzuri, msalimie na yule wa koti.